Jinsi ya kupima marafiki zako wa shule, na jinsi ya kutoka kwenye kampani inayokurudisha nyuma

Nianze na kitu ambacho wengi tunakosea. Tukiambiwa jihadhari na marafiki wabaya, akili inaenda moja kwa moja kwa yule mvuta bangi, yule mwizi wa kalamu, yule anayejibizana na walimu, na kwa vile rafiki yako hayuko hivyo basi unajiona uko salama. Kumbe shuleni kampani inayoangusha watu mara nyingi ni ya watu wazuri tu, wachekeshaji, hawana choyo, ukiumwa wanakuja kukuona, ukikosa karatasi wanakuchania kwenye daftari lao. Kampani iliyonirudisha nyuma mimi sekondari ilikuwa ya watu niliowapenda sana na mpaka leo nawapenda, hatukuvuta kitu wala hatukuiba cha mtu, tulikuwa tunapiga stori tu, stori asubuhi, stori mapumziko, stori muda wa kujisomea, mpaka mtihani unafika kichwani nina vichekesho mia na hesabu hata moja siiwezi.

Kwa hiyo usianze kwa kumpima rafiki. Anza kwa kujipima wewe ukishaachana naye.

Fanya hivi kwa wiki moja, na usimwambie mtu yeyote maana ukisema tu kila mtu ataanza kuigiza. Chukua ukurasa wa mwisho wa daftari, kila jioni kabla hujalala andika vitu vitatu: leo nimekaa na nani muda mrefu, nimefanya nini nikiwa nao ambacho peke yangu nisingefanya, na nimeachana nao nikiwa najisikiaje. Hicho cha pili usiandike mabaya tu. Kama peke yako usingenyoosha mkono darasani lakini kwa kuwa ulikaa na fulani ukanyoosha, andika. Kama peke yako usingemcheka yule mtoto anayepata kigugumizi akisoma lakini mkiwa wanne mlicheka, hilo nalo liandike, hata kama linauma. Neno mzuri au mbaya usiliandike popote, andika kilichotokea tu. Siku ya saba soma yote kwa mpigo. Nakuambia ukweli, hutahitaji mtu akufafanulie, yaani unaona kabisa kuna mtu ambaye kila ukikaa naye jioni hasira zinakuwa nyingi, na kuna mwingine ambaye labda hata humuiti besti lakini siku mliyokaa pamoja ulimaliza kazi zako na ukalala vizuri.

Kwa nini umri huu marafiki wana nguvu kiasi hiki

Hili tulielewe vizuri kwa sababu wazazi wengi wanadhani ni ukaidi na vijana wenyewe wanadhani ni udhaifu wao. Ubongo wa mtu unaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, na sehemu ya mbele, ile inayopanga na kufunga breki, ndiyo inachelewa zaidi. Ile inayofurahia msisimko na sifa yenyewe inakuwa imeshawaka tayari. Mwaka 2005 kuna watafiti wa Marekani, Gardner na Steinberg, waliwachezesha watu gemu la kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine wakiwa peke yao na wengine wakiwa na wenzao wa rika lao pembeni. Watu wazima wa miaka 24 kwenda juu haikuwabadilisha, wawe na watu wasiwe nao waliendesha vilevile. Lakini wale wa miaka 13 hadi 16 wakiwa na wenzao walijiingiza kwenye hatari zaidi sana kuliko walipokuwa peke yao. Na miaka ya baadaye walipowapima ubongo kwenye mashine, kijana akijua tu kwamba rafiki zake wanamtazama, sehemu za ubongo zinazohusika na raha na zawadi zilifanya kazi zaidi.

Yaani rafiki siyo lazima akushawishi. Siyo lazima aseme neno. Macho yake yanatosha. Ndiyo maana ule ushauri wa kuambiwa "kuwa na msimamo" haukusaidii sana pale kundi lote linapokuangalia, kwa sababu unaambiwa upigane sehemu ambayo breki zako ni dhaifu kuliko kawaida. Kinachosaidia ni kuyatoka yale macho. Mkipanga kuruka kipindi, au kuna video ya mtu imetumwa na wote wanasubiri uifowadi, au mmefika mahali mnaambiana "acha woga", tafuta sababu yoyote ya kutoka dakika 10. Nenda chooni, nenda kachote maji, sema umesahau kitu darasani. Uamuzi ufanyie huko peke yako halafu ndiyo urudi, au usirudi. Linaonekana jambo dogo sana hili ila mimi naliweka juu kuliko ushauri wote mwingine.

Mtu mmoja tu anatosha

Kuna jaribio la zamani la mwanasaikolojia Solomon Asch, alilitoa 1951, nalipenda sana kuwasimulia wadogo zangu. Aliwaweka vijana wa chuo kwenye chumba, akawaonyesha mstari mmoja, halafu mistari mingine mitatu, wataje upi unalingana na ule wa kwanza. Swali jepesi, peke yako hukosei. Lakini chumba kizima walikuwa wamepangwa isipokuwa mmoja, na hao waliopangwa wakaanza kutoa jibu la uongo kwa pamoja. Yule mmoja anaona kabisa kwa macho yake jibu siyo hilo, na bado watu 3 kati ya 4 walifuata kundi angalau mara moja. Theluthi moja hivi ya majibu yote ilikuwa ya kufuata uongo. Kwenye mistari tu jamani, hakuna aliyetishiwa wala aliyeahidiwa kitu.

Sasa utamu wake uko hapa. Asch alipoweka mtu mmoja tu, mmoja, wa kusema jibu la kweli kabla ya yule mshiriki, kule kufuata mkumbo kukaporomoka sana. Huhitaji kundi zima la watakatifu ndugu yangu, unahitaji mmoja. Kwa hiyo kazi yako ya vitendo ni kumtafuta huyo mmoja mapema, kabla tukio halijafika, mkiwa mmetulia. Mwambie waziwazi: "Mimi ile ishu ya kuibia mtihani sitaki, wewe je?" Akikubali, pangeni kabisa kwamba ikitokea wakati mwingine nani anaanza kusema hapana na mwingine anaunga mkono palepale asisubiri hata sekunde.

Na usiogope kuuliza, kwa sababu mara nyingi ndani ya kundi kila mtu anadhani wenzake ndiyo wanapenda. Mwaka 1993 Prentice na Miller walichunguza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton kuhusu ulevi pale chuoni, wakakuta kwa wastani mwanafunzi anaona wenzake wanauridhia ule unywaji kuliko yeye. Wengi moyoni wana wasiwasi, usoni wanacheka. Nina hakika kundi lako nalo lina jambo la aina hiyo, labda ni kumuita mwenzenu jina ambalo hakuna anayelipenda, labda ni kukesha kwenye grupu mpaka saa nane za usiku huku kila mtu ana usingizi ila anaogopa kuwa wa kwanza kuaga. Muulize mmojammoja mkiwa wawili. Mkiwa kumi hutapata jibu la kweli.

Rafiki mzuri anafananaje kwa vitendo

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki na ni kweli, ila shuleni kuna kipimo kingine ambacho naona kinafanya kazi haraka zaidi, muangalie siku umefanikiwa. Umepata alama nzuri, umechaguliwa timu, mwalimu amekusifia. Kwenye dhiki watu wengi wanakuja, huruma siyo ngumu. Ila siku ya furaha yako rafiki anayekutakia mema anakuuliza maswali, "ulifanyaje, swali la tatu ulilipataje", mwingine anasema "bahati tu hiyo" au anabadilisha mada au anakuletea kisa cha mtu aliyekupita. Mara moja siyo kesi, kila mtu ana siku yake mbaya. Ikiwa ni kila mara, kaa ukijua polepole utaanza kuficha mafanikio yako, na baada ya hapo utaanza kuyapunguza ili usiwaudhi. Nimeona watoto wenye akili kabisa wakikosea maswali kwa makusudi ili wasiitwe wanajipendekeza kwa mwalimu.

Halafu kuna rafiki anayekupa kazi yake ukopi kila siku. Huyu anaonekana ndiye mkarimu kuliko wote, lakini anakula mazoezi yako. Simlaumu, naye anadhani anakusaidia. Mwambie "usinipe jibu, nionyeshe hatua ya kwanza halafu niache". Na kama wewe ndiye unayekopiwa, fanya hivyohivyo, utashangaa jinsi wewe mwenyewe unavyoelewa zaidi kwa kumuelekeza mwenzako, maana ukishindwa kueleza ndiyo unagundua kumbe ulikariri.

Marafiki wanaongeza alama kweli? Wanaongeza, ila tusitie chumvi. Mchumi mmoja, Bruce Sacerdote, alichapisha utafiti mwaka 2001 kuhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Dartmouth kule Marekani ambao walipangiwa wenzao wa chumbani kwa bahati nasibu, hawakuchaguana wenyewe, na akakuta alama za mtu zinasogea kidogo kufuata za mwenzake wa chumbani. Kidogo. Hakuna rafiki atakayekusomea. Ila kidogo hicho kila muhula, kila mwaka, ukijumlisha na muda mnaookoa au mnaopoteza pamoja, siyo kidogo tena.

Diskasheni za marafiki nazo zina ugonjwa wake, mnaanza na swali la kwanza mnamalizia na mambo ya nani anampenda nani. Dawa yake ni hii: kila mtu aje ameshajaribu peke yake, mnafunga madaftari, mmoja anasimama anaeleza kwa kichwa na wengine kazi yao ni kumuuliza. Dakika 40 halafu stori ruksa. Stori zenyewe msizifute, urafiki bila stori ni kikao.

Kusema hapana bila kugombana

Sema kwa kifupi. Kosa kubwa ni kujieleza sana, kila sababu unayotoa inakuwa mlango wa mtu kukujibu. Ukisema "siendi kwa sababu mama atagundua", wanakuambia hatagundua. Ukisema "mi siendi, nyie nendeni" halafu ukanyamaza, hakuna pa kushika. Wakirudia, nawe rudia sentensi ileile, sauti ileile. Mara ya tatu huwa wanachoka. Kama unaona aibu mwanzoni tumia kisingizio, kipindi cha ziada, tumbo, kazi nyumbani, sioni tatizo kwa siku za mwanzo, ila usijenge maisha juu ya visingizio maana vinaisha.

Na unaweza kukataa jambo bila kumkataa mtu. "Kwenye hilo simo, ila kesho mpirani nipo." Wengi wanadhani kuna kukubali yote au kuvunja urafiki, na hapo katikati pana nafasi kubwa tu.

Kutoka kwenye kundi, sehemu ngumu

Hapa ndipo wengi wanakwama kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Usitangaze. Usiandike stetasi ya mafumbo, usiwatumie meseji ndefu ya kuwaambia mlivyo wabaya, usiage kwenye grupu. Ukitangaza unawalazimisha wajitetee na wakutafutie kosa, na siri zako wanazo. Wewe punguza masaa tu. Kama mlikuwa mnakaa pamoja mapumziko yote mawili, kaa nao moja. Grupu liweke kimya. Kaa kiti kingine kwa sababu ya kawaida, "huku sioni ubao". Salamu usikate, kuchekeana usikate, unachotoa ni muda wako tu.

Kitu ambacho hakuna anayekuambia ni kwamba katikati kuna upweke, na ni mkali. Umetoka huku na kule bado hujapokelewa, mapumziko unasimama peke yako unajifanya unasoma kitu kwenye simu au unapanga daftari mara ya kumi. Wengi wanarudi kwenye kundi la zamani siyo kwa kuwa wanalipenda, wanarudi kwa sababu ya ile wiki ya pili. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, Jeffrey Hall, alikadiria kwamba inachukua kama masaa 50 ya kuwa pamoja mtu unayemfahamu tu awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya masaa 200 kufikia urafiki wa karibu kabisa. Alikuwa anawaangalia watu wazima waliohama na wanafunzi wapya wa chuo, siyo watoto wa shule, ila hesabu inatupa picha. Ukikaa na mtu lisaa limoja kwa siku, siku tano za wiki, masaa 50 ni wiki 10. Kwa hiyo wiki ya pili usijiambie "hakuna anayenipenda", jiambie bado wiki 8. Na ili masaa yaende haraka usitafute mtu wa kukaa naye tu, tafuta shughuli yenye ratiba: timu, klabu, kwaya, usafi wa maktaba, chochote kinachowakutanisha watu walewale saa zilezile. Urafiki unakuja wenyewe mkiwa mikono inafanya kazi, ni afadhali mno kuliko kwenda kwa mtu na kumuomba awe rafiki yako.

Halafu siri za uliowaacha zifunge mdomoni. Hata wakikusema. Hao marafiki wapya wanakusikiliza unavyowasema wa zamani, na wanajua zamu yao itafika.

Kuna hali ambazo hizi taratibu hazifai kabisa. Kama kuna kupigwa, kutishiwa, kulazimishwa mambo ya mwili, picha zako kushikiliwa, kulazimishwa dawa, hapo hupunguzi masaa, hapo leo hii unamwambia mtu mzima unayemuamini, na wa kwanza asipokusikiliza unaenda kwa wa pili na wa tatu. Na rafiki akikuambia anataka kufa au anajidhuru halafu akakuapisha usiseme, sema. Hiyo siri siyo ya kutunzwa. Akikuchukia miezi sita akiwa hai ni sawa. Mwambie kabisa "siwezi kubeba hili peke yangu, twende wote tukaseme", na kama hataki nenda peke yako.

Na kama rafiki mbaya ni wewe?

Swali hili tunaliruka sana. Rudi kwenye ule ukurasa wa wiki moja na usome upande wa pili, mwenzako akiachana na wewe anakuwaje? Kuna mtu ambaye huwa humtafuti mpaka uwe na shida? Kuna mtu ambaye utani wako kwake haujawahi kubadilika tangu mjuane, na yeye hajawahi kukurudishia? Ukikuta kitu, kirekebishe kwa sentensi moja siku moja mkiwa wawili: "Lile jina nakuita, nimeacha, samahani." Usidai akusamehe palepale, wala usimgeuzie kibao kwamba alikuwa anacheka.

Na ukiwa kwenye kundi linalomuonea mtu, usidhani lazima upigane ndiyo usaidie. Watafiti kule Kanada waliwarekodi watoto wa shule uwanjani, utafiti ukatoka 2001, wakaona kwamba pale mwenzao alipoingilia kati, zaidi ya nusu ya mara uonevu uliisha ndani ya sekunde 10. Sekunde 10! Mshike rafiki yako bega, mwambie "oya twende, achana naye", basi. Wewe kama rafiki yake una nguvu hapo kuliko mwalimu.

Wazazi nawaambia moja tu. Usimtukane rafiki wa mtoto, ukimtukana mtoto atamtetea, na akishamtetea mbele yako anakuwa amefungwa naye zaidi. Mkaribishe nyumbani, muone kwa macho, halafu badala ya kusema "yule hafai" uliza "mkiwa pamoja huwa mnafanya nini, na wewe unajisikiaje". Jibu usilidai siku hiyohiyo.

Tusisahau pia kwamba marafiki wa shule hubadilika sana hata bila ugomvi wowote. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2015 uliwafuatilia wanafunzi kuanzia darasa la 7 na ni kama 1 tu kati ya 100 ya urafiki wa mwaka ule uliofika darasa la 12. Kwa hiyo ukiachana na mtu usimfanye adui, na usijione umevunja kitu kitakatifu, mmekua tu kwa mwendo tofauti.

Na mara nyingine wanarudi. Yule uliyempunguzia masaa mwaka jana anaweza kukufuata siku moja nyuma ya darasa, hajui aanzeje, anakuuliza eti ile mada ya juzi uliielewa. Usimuulize mbona leo. Sogeza begi akae, fungua daftari, muonyeshe hatua ya kwanza, na mwambie mnakutana siku gani na saa ngapi.